Siku Kanga Alipodai Manyoya Yake

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, wanyama wa bonde moja walipenda sana mpira wa vinyoya. Wavu waliusuka kwa ukindu. Raketi zilikuwa vijiti vilivyopindwa. Na kile kinyoya kinachopigwa huku na huku? Kilikuwa kokwa lililochomekwa manyoya.

Manyoya ya nani? Ya Kanga, jamani!

Kila msimu wa michezo Nyani alimjia. Nyofo! Nyofo! Anamnyonyoa. Kipupwe kikija, Kanga anatetemeka usiku kucha. Na kucheza haruhusiwi hata siku moja.

Msimu ule Nyani akaja tena. Akampita Kanga. Akawatazama vifaranga wake.

"Manyoya ya hawa laini," akasema. "Mwaka huu nataka ya hawa."

Moyo wa Kanga ukalipuka paa! Vifaranga wale wakinyonyolewa, kipupwe kingewaua wote. Akajitia ujasiri.

"Nyani, tucheze mimi na wewe. Nikishinda, hugusi tena unyoya wa ukoo wangu. Ukishinda..." akawatazama wanawe, "ukishinda, wanyonyoe."

Nyani akacheka, kha kha kha, akashika mbavu. "Mama wewe, wewe ni kinyoya! Tangu lini kinyoya kikashika raketi?"

Lakini akakubali. Nani angekataa ushindi wa bure?

Wanyama wakajaa uwanjani, chini ya mkuyu. Mwamuzi alikuwa Twiga, maana shingo yake iliona pande zote mbili.

"Sikilizeni," akasema Twiga. "Anayeanzisha apige kutoka chini ya kiuno, kwa mshazari, na kinyoya kipite juu ya wavu. Kikianguka kwa mwenzako, pointi yako. Kikigusa mstari, kimo ndani. Kikitoka nje, aliyepiga kakosa. Piga mara moja, umwachie mwenzako. Wavu hauguswi. Na kinyoya kisikuguse mwili, hata kama umesimama nje ya mstari. Kikikugusa, umekosa."

"Najua, najua," akasema Nyani.

"Anayepata pointi ndiye anayeanzisha. Ishirini na moja, seti imekwisha. Mkilingana ishirini, mmoja amwache mwenzake kwa mbili. Mshindi ni wa seti mbili."

"Najua, babu! Mwambie huyu asipae."

"Sipai," akasema Kanga.

Papo hapo kuyu bivu likadondoka mtini. Nyap! Mkono wa Nyani ukalidaka, mwenyewe bado anamtazama Twiga. Akalitafuna. Kanga akaona.

Seti ya kwanza, msiulize. Pwaa! Pwaa! Nyani anapiga kwa mkono wake mrefu, Kanga anakimbia ti-ti-ti-ti, hafiki. Alichapwa vibaya. Vifaranga wakaanza kulia, na Nyani akawakonyeza.

Lo, lile konyezo! Kanga akapandwa na hasira. Seti ya pili akabadilika. Akapiga mbali, pwaa! Nyani akarudi nyuma mbio. Akagusa kidogo tu, ti, kinyoya kikatumbukia karibu na wavu. Nyani akaja mbele mbio. Mbali, pwaa! Karibu, ti! Pwaa! Ti! Nyani ulimi nje. Seti ya pili ikawa ya Kanga.

Seti ya tatu walikwenda sambamba. Nyani moja, Kanga moja. Kanga moja, Nyani moja. Mpaka ishirini kwa ishirini. Nyani akapiga wavu. Kanga ishirini na moja! Ikabaki pointi moja.

Kanga akaanzisha, chini ya kiuno, kwa mshazari. Nyani akarudisha. Kanga akarudisha. Miguu yake ilikuwa imekwisha kabisa, bawa linauma. Akajua hataweza kukimbia tena. Nyani kasimama nyuma kabisa, anamngoja achoke.

Hapo Kanga akalikumbuka lile kuyu.

Akavuta pumzi. Akakipiga kinyoya kwa nguvu zote zilizobaki. Juu! Juu! Nyuma!

"Kinatoka!" wanyama wakapiga kelele. "Nyani, kiache! Kinatoka!"

Vifaranga wakafumba macho. Nyani akachekelea. Akavuka mstari, akakitazama, akashusha raketi. "Kinatoka," akasema.

Kinyoya kikashuka. Taratibu. Kinazunguka, kinashuka, kama kuyu bivu.

Nyap!

Nyani akautazama mkono wake. Kinyoya kimo kiganjani.

"Lakini kilikuwa kinatoka!"

"Kweli kilikuwa kinatoka," akasema Twiga. "Nani kakutuma ukidake?"

"Si mimi! Ni mkono huu!"

"Basi mkono huo umekosa. Pointi ya Kanga. Mchezo wa Kanga!"

We! Vigelegele! Nyumbu wakapiga kwato, mbega wakaning'inia wavuni mpaka ukakatika. Kanga akamwendea Nyani, akakichukua kinyoya kiganjani mwake, akachomoa unyoya mmoja mmoja, akawagawia wanawe. Kisha akaita kwa sauti ambayo bonde lile halikuwahi kuisikia. Furaha ilimjaa mpaka akalia.

Tangu siku ile wanyama huchezea manyoya yaliyodondoka yenyewe. Na anayeyaokota, mgongo umepinda, ni Nyani. Kila msimu husimama mlangoni kwa Kanga.

"Hodi?"

Nao vifaranga humjibu, "Subiri nje ya mstari!"

Basi jifunzeni. Nyani alizijua sheria zote, lakini kwa mdomo tu. Mkono wake hakuufundisha. Wewe fundisha mkono wako uache kisicho chako, kiwe kinyoya, kiwe manyoya ya mwenzako.

Hadithi yangu imetua hapo, ndani ya mstari.