Vinu Viwili, Ngamia Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji, mji ukawa na kinu, kinu kikawa na mchi, mchi ukawa na wa kuuzungusha. Mwenye masikio ayategeshe, mwenye usingizi akalale, asije kesho akanivuta kanzu akiuliza, "Ikawaje?"

Sogeeni motoni. Wewe wa pembeni, tafuna huo muhogo polepole, unanipoteza njia. Ngano hii wengine wanaijua mkia tu; kichwa chake ninacho mimi. Shule niliiacha mapema, lakini uongo nimeusomea mpaka mwisho.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu, palikuwa na mtu jina lake Shekue. Kazi yake kukamua mafuta ya ufuta. Alikuwa na banda la makuti, bandani mna kinu kikubwa cha gogo, kinuni mna mchi mrefu, na mchi umefungwa kwa nira shingoni mwa Ngamia. Ngamia akizunguka, mchi unazunguka. Mchi ukizunguka, ufuta unalia. Ufuta ukilia, mafuta yanachuruzika. Hapo ndipo Shekue na mkewe, Bi Mwanatumu, walipopatia chakula, na nguo, na salamu za watu.

Sasa, ngamia wa kinu hufungwa kitambaa machoni, asipate kizunguzungu. Shekue alimfunga wake zizini, uani, jua likichomoza, akamfungulia huko huko zizini jua likizama. Kutwa nzima Ngamia haoni kitu. Na mwenye kinu humwimbia, maana ngamia asiyeimbiwa husimama. Shekue alikuwa na sauti. Haikufika yangu, lakini sauti. Akiimba:

Zunguka, baba, zunguka,
ufuta upate kulia.
Tukipata tutakumbuka,
mwenzio tutakuletea.

Ngamia akisikia hivyo huongeza mwendo. Alikuwa amezeeka, na nira ilikuwa imemchimba kidonda shingoni. Hakuomba kupumzika. Aliomba mwenziwe, wazunguke kwa zamu, mmoja asubuhi, mmoja alasiri. Na Shekue aliahidi kwa moyo mweupe. Hakuwa na kitu, na ahadi ya asiye na kitu haina uzito, hata mtoto huibeba.

Adhuhuri moja akaja bibi kizee, miguu imepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama."

"Mwanangu, nipe tone la mafuta nipake miguu."

Shekue akampa upawa mzima. Bibi akapaka, akatoa kifuko kizito upindoni mwa kanga, akakiweka juu ya gunia la ufuta. Ndani dhahabu tupu. Shekue akatazama miguu ile: kumbe haina vivuli. Jini!

"Mama, sharti lake nini?" akauliza. Maana nanyi mnajua, majini hawatoi bila sharti. Usile samaki, usifungue chumba cha saba, usimwambie mkeo.

"Sina sharti," akasema jini. "Tumia upendavyo."

Akatoweka. Na nawaambieni, hapo ndipo alipomwangamiza. Mtu akiwekewa sharti hukaa macho.

Bi Mwanatumu akafurahi, akapiga vigelegele, kisha akasema, "Mume wangu, Ngamia kwanza. Twende tukamletee mwenziwe."

"Ngamia kwanza," akasema Shekue. "Kesho asubuhi."

Lakini juu ya paa alikuwa ametua Kunguru, na Kunguru hana siri wala hana kazi.

"Kwaa! Shekue, umekuwa tajiri?"

"Alhamdulillahi."

"Tajiri mwenye mlango wa makuti! Nani atanunua mafuta ya ghali kwenye mlango unaoliwa na mbuzi? Nunua mlango wa nakshi, na misumari ya shaba. Wateja hula kwa macho kwanza."

Shekue akatazama mlango wake. Jana ulikuwa mlango. Leo ukawa aibu. Akawaita mafundi. Wakapiga tindo na nyundo, koo-koo-koo, kutwa nzima, na Ngamia kinuni anazunguka na kitambaa chake.

"Bwana Shekue, shingo inaniuma. Mwenzangu bado?"

"Bado kidogo, Ngamia."

"Na hizo nyundo ni za nini?"

Hapa, jamaa zangu, Shekue angeweza kusema kweli. Ulimi ukateleza.

"Za jirani. Anatia mlango mpya."

"Mungu ambariki jirani," akasema Ngamia. "Na sisi zamu yetu itafika." Akaongeza mwendo.

Mlango ukasimama. Watu wakaja kuupapasa. Kunguru akarudi.

"Kwaa! Shekue, mji mzima umeuona mlango, lakini nani ameonja mkono wako? Tajiri asiyelisha watu ni bahili. Chinja, pika pilau, lete ngoma."

Bi Mwanatumu akashika kiuno. "Mume wangu, mimi nilidhani tumeoana mimi na wewe. Kumbe umemuoa Kunguru?"

"Bibi, hii ni biashara. Wakishiba kwetu watanunua kwetu."

Wakaja waliokuwa wakinunua, na wasiowahi kununua, na wanaokula mkavu bila mafuta tangu wazaliwe. Ngoma zikapigwa, sinia zikapita. Na kinuni kazi haikusimama, maana pilau ya wageni ilitaka mafuta.

"Bwana Shekue, shingo inaniuma. Mwenzangu bado?"

"Bado kidogo, Ngamia."

"Na hizo ngoma ni za nini?"

"Za jirani. Anaoza binti."

"Mungu ambariki jirani. Na sisi zamu yetu itafika." Akaongeza mwendo.

Kifuko sasa kilikuwa chepesi, lakini bado kingenunua ngamia. Mzuri, kijana, shingo kama nguzo. Bi Mwanatumu alikwishamwona mnadani, akarudi mbio.

"Mume wangu, yupo! Wa rangi ya mchanga, na anayemuuza amekubali bei. Nipe nikamlete."

Shekue akashika kifuko, akanyoosha mkono ampe.

"Kwaa!" juu ya paa. "Mwanamume wa kinu kimoja! Watu wanaouliza mafuta ni wengi, wewe unanunua mdomo wa kulisha? Ngamia hula. Kinu hakili. Chonga kinu cha pili, upate mafuta maradufu."

Na maneno haya, nikiri, yana harufu ya hesabu. Shekue akarudisha mkono. "Kinu kwanza, bibi. Kikizaa, tutanunua ngamia wawili."

"Na kitazungushwa na nani, hicho cha pili?"

"Na huyu huyu. Asubuhi hiki, alasiri kile."

 Bi Mwanatumu akaenda jikoni akafunika chungu ambacho hakikuwa na kitu.

Kinu cha pili kikachongwa, kikasimikwa nyuma ya cha kwanza. Ngamia akafungwa huku mpaka adhuhuri, akafungwa kule mpaka jioni. Zamu zilikuja, lakini zilikuwa za vinu.

"Bwana Shekue, shingo inaniuma. Mwenzangu bado?"

"Bado kidogo, Ngamia."

"Na mchi huu mbona mzito? Si ule wangu."

"Wa jirani. Ameshikwa na kazi, tunamsaidia."

"Mungu ambariki jirani," akasema Ngamia, pumzi imekatika. "Na sisi... zamu yetu... itafika."

Akaongeza mwendo, lakini miguu haikumsikia. Akapiga magoti ya mbele, akapiga ya nyuma, akalala na nira yake. Shekue akamwimbia, "Zunguka, baba, zunguka." Akamwimbia kwa kubembeleza. Akamwimbia kwa kulia. Ngamia hakuinuka.

"Bwana Shekue, nifungue kitambaa."

Akamfungua.

Ngamia akatazama kinu kimoja. Akatazama kinu cha pili. Akatazama, mbele ya banda, mlango wa nakshi unaometa misumari ya shaba, na kando yake masufuria ya karamu yamepangwa, bado yana ukoko.

"Hivi ndivyo vya jirani?"

Shekue akatazama chini.

"Nilikuwa nikimwombea jirani," akasema Ngamia.

Basi. Hakutukana. Angetukana, Shekue angepata pa kujishikia. Alilaza shingo yake mchangani, upande wa kidonda juu, akafa.

Siku zile zile vinu vyote viwili vikanyamaza. Wateja wakaja, wakasifu mlango, wakaenda kununua kwingine. Shekue akataka kuuza mlango. Lakini mlango uliopimwa kwa ukuta wako hauingii ukuta wa mtu. Kinu cha pili kikauzwa kwa bei ya kuni. Na Kunguru? Kunguru alikuwa keshahamia paa la mtu mwingine, anasimulia kila alichokiona, mpaka habari ikawafikia ngamia wote, wa bara na wa pwani.

Shekue akajivika nira mwenyewe. Mkewe akamfunga kitambaa, akatembea nyuma yake, wala hakumwimbia. Alizunguka masika, akazunguka kiangazi, tone kwa tone, mpaka wakapata cha kununulia ndama wa ngamia, mnyonge, masikio makubwa kuliko kichwa.

Shekue akamleta nyumbani akimshika shingo kama mgeni wa heshima. Akampa mashudu laini. Akamtandikia majani. Akachuchumaa mbele yake.

"Niambie, mwanangu. Unataka nini?"

Ndama akatafuna.

"Unaumwa popote?"

Ndama akatafuna.

"Nitukane, basi. Sema lolote."

Ndama akamtazama, akatafuna, akageuza uso. Kwa maana ngamia walikwishakubaliana: kusema na binadamu ni kupoteza mate. Ndiyo sababu mpaka leo ngamia hatamki neno. Na Shekue, mpaka anaingia kaburini, alikuwa kila asubuhi, kabla ya kumvika nira ndama yule aliyekwisha kua, akipapasa shingo yake kwa vidole vyote, akitafuta mwenyewe jibu ambalo zamani lilimjia bila kulitafuta.

Ngano yangu imemaliza ufuta wake, yaliyobaki ni mashudu. Funzo ni hili: riziki ya ghafla ikikugongea, usiulize watu watakuonaje. Muulize anayekuzungushia kinu anaumwa wapi, na umuulize angali anajibu. Ikiwa ngano ni tamu, nimeipika mimi. Ikiwa chungu, mlaumuni Kunguru, ndiye aliyenisimulia. Na alinidai mihogo miwili, kwa hiyo wewe wa pembeni, lete huo uliobaki.