Neno Lililoandikwa Kwenye Faili

Mfano huu nilipewa na bibi Namsifu, aliyefua mashuka ya wodi ya watoto kwa miaka mingi. Nanyi akina mama wenzangu, upokeeni.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeishia darasa la saba, lakini maneno hayakuacha kumwita. Alikuwa na daftari, na kila siku alitafuta humo nafasi ya neno moja gumu la Kiingereza, jina la kitu au la hali. Alilichambua kama mchele kwenye ungo: linaandikwaje? Linatamkwaje? Maana yake nini? Akishaipata maana moja, anaiandika kwa herufi safi na kufunga daftari.

Siku moja mwanawe alitumbuliwa jipu kubwa pajani, akalazwa. Siku ya tano daktari alipita, akalitazama paja, akaandika neno moja kwenye faili na kumwonyesha.

"Mama, unajua maana yake?"

Moyo wa yule mama uliruka. "Discharge"! Neno hili analo kwenye daftari! Angesemaje hajui, mbele ya wodi nzima?

"Najua, daktari."

"Vizuri," daktari akasema, akaenda kitanda cha pili.

Basi furaha yake ikageuka hofu, maana kwenye daftari aliandika hivi: "discharge, usaha." Usaha tena? Unatoka wapi, na kidonda kimefunga? Akalibonyeza paja la mtoto huku na huku. Mtoto, aliyekuwa akicheza na kifuniko cha chupa, akaanza kulia. Akambonyeza jioni, akambonyeza alfajiri. Na pale sakafuni, mama mwingine alikuwa amelaza mwanawe mwenye homa kwenye mkeka, akingoja kitanda.

Asubuhi yule wa mkekani akashindwa kuvumilia. "Dada, mbona hufungashi?"

"Nifungashe niende wapi? Mtoto ana usaha."

"Huyu anayenirukia mkeka tangu juzi? Nani kasema?"

"Daktari kaandika kwa mkono wake. Nimesoma mwenyewe."

Ndipo akaingia mfua mashuka na beseni lake. "Mwanangu, shuka hilo nalidai tangu jana. Unalipenda sana?"

"Mama, mwanangu hajapona. Ona neno hili."

Bibi akainama juu ya faili, akacheka mpaka beseni likamponyoka. "Mimi Kizungu sikijui. Lakini neno hili nalijua kwa sura. Likiandikwa, shuka huja kwangu na mtoto huenda kwao. Hiyo ni ruhusa, mwanangu! Mmeruhusiwa tangu jana!"

Ndugu zangu, mnacheka? Haya, tujiulize. Daktari ameandika ruhusa, mama amesoma usaha. Nani alimfunga pale? Mlango ulikuwa wazi. Mlinzi hakumzuia. Alifungwa na maana moja aliyoijua, na aibu ya kusema "sijui."

Na sisi je? Mungu ametusamehe, ameandika kwa mkono wake mwenyewe, nasi bado tunabonyeza paja lililopona. Tunamliza nani? Watoto wetu, waume zetu. Na nani amelala sakafuni akingoja nafasi tunayoikalia kwa hofu? Tukiulizwa kanisani kama tumeelewa, tunaitika "ndiyo" kwa sauti moja, kisha tunarudi nyumbani na usaha wetu. Jamani, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulala siku nzima kwenye kitanda ulichokwisha kuruhusiwa kukiacha.

Yule mama alirudi kwake siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi, kabla hajawasha jiko, alifungua daftari. Neno "usaha" hakulifuta. Mbele yake aliandika "ruhusa," kwa herufi zile zile safi. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa mwalimu wa jirani ambaye miaka yote alimpita kwa kuinamisha kichwa, akabisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu. Maneno haya yote nimeyaandikia maana moja moja. Naomba uniambie yapi yana nyingine."