Niko Korongoni, Navuka

"Paukwa, wajukuu zangu."

"Pakawa, Bibi."

"Pakawa mtu, pakawa punda, pakawa mto usio na maji. Sogeeni karibu na moto. Anayetaka kulala akalale sasa, maana hadithi hii hailazi mtu."

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, kwa sababu simu zilikuwepo, aliishi mtu mmoja aitwaye Ndahani, baba wa binti mdogo aitwaye Mwaja. Nyumba yake ilikuwa upande mmoja wa korongo pana. Kiangazi korongo lile lilikuwa mchanga mtupu, watoto wakicheza mpira humo ndani. Masika, mvua ikinyesha kule milimani, maji yalishuka kwa kishindo hata kama kijijini halijadondoka tone. Zahanati, soko na barabara, vyote vilikuwa ng'ambo.

Ndahani alikuwa na mkokoteni wenye turubai, na alikuwa na Punda wa kuukokota. Hakuwa mwizi. Hakuwa mlevi. Watu walimpenda, maana alikuwa na maneno laini, na hakuna aliyemwomba safari akaambiwa haiwezekani. Alikuwa na tatizo moja, na yeye aliliona dogo. Ukimpigia simu ukamuuliza, "Uko wapi?", alijibu palepale, "Niko korongoni, navuka." Akiwa shambani, yuko korongoni, anavuka. Akiwa kitandani, yuko korongoni, anavuka.

"Kama baba mdogo," akasema mtoto mmoja.

"Mwache baba yako mdogo. Sikiliza."

Siku moja mama mmoja wa ng'ambo, Sechelela, mkulima wa nyanya, alimwomba aje asubuhi na mapema ampelekee matenga sokoni. Asubuhi ikafika. Ndahani ameketi jikoni, bakuli la uji mkononi. Simu ikaita.

"Baba Mwaja, uko wapi? Matenga nimeshayatoa nje."

"Niko korongoni, navuka."

"Haya, nakungoja."

Punda alikuwa amefungwa nje ya jiko. Akaingiza kichwa mlangoni.

"Bwana," akasema, "korongo liko wapi?"

"Bibi, punda anaongea?"

"Alikuwa akiongea na Ndahani peke yake. Watu wengine walisikia mlio wa punda tu."

"Korongo unalijua," Ndahani akajibu. "Niache ninywe uji."

"Nalijua, ndiyo maana nauliza. Mimi nimefungwa hapa, na wewe umesema tunavuka."

"Hayo ni maneno ya kumtuliza mtu. Nikimwambia bado nakunywa uji, atakasirika. Nikimwambia navuka, atatulia."

Ndahani akamaliza uji. Akatafuta viatu. Akapita kwa jirani kusalimia. Walipofika kwa Sechelela jua lilikuwa limepanda, na nyanya za juu zimeanza kulainika. Yule mama alikuwa amevua kitenge chake akayafunika matenga, mwenyewe amesimama juani.

"Korongo limekusumbua?" akauliza.

"Mchanga, dada yangu. Gurudumu lilizama."

Punda akageuza masikio nyuma, akamsikiliza bwana wake akiongeza uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Sechelela akapeleka nyanya zake sokoni, akaziuza kwa bei ya kutupa, akarudi kwake. Jambo likaisha hivyo.

"Ndahani hakuomba radhi?"

"Hakuomba. Aliona hakuna lililoharibika ila nyanya."

Siku zikapita. Ng'ambo hiyohiyo aliishi mzee mmoja, Mzee Mgonela, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu. Kusikia sauti ya mtu alisikia, sura haioni. Ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja zahanati, watakaa siku moja, kisha hawatakuja tena mpaka mwaka mwingine. Mzee akamwomba Ndahani ampeleke. Ndahani akakubali. Halafu mtu mwingine akamwomba abebe matofali asubuhi ileile, na Ndahani, kwa kuwa kinywa chake hakikuzoea kukataa, akakubali na hilo.

Kwa hiyo Mzee Mgonela alipopiga simu, Ndahani alikuwa mbali, bado upande wake wa korongo, anapakia matofali.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko korongoni, Mzee, navuka."

Punda, mgongo umelowa jasho, akasema, "Bwana, korongo liko wapi?"

"Kimya. Tukimaliza haya tunakwenda."

Kule ng'ambo Mzee Mgonela alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, amevaa shati lake la kanisani. Likapita trekta linalokwenda upande wa zahanati. Dereva akasimama. "Mzee, panda nikusogeze."

"Ahsante, baba. Ndahani yuko korongoni, anavuka. Nikiondoka atafika asinikute, atakuwa amejisumbua bure."

Trekta likaenda zake.

"Bibi, angepanda."

"Angepanda, ndiyo. Lakini ameshaambiwa mtu anavuka."

Ndahani alifika jua limeshapinda. Akampakia Mzee, akamkimbiza Punda mpaka mate yakamtoka mdomoni. Walipofika zahanati wakamkuta mhudumu anafagia ua. Madaktari walikuwa wameshapanda gari lao na kuondoka.

Njia nzima ya kurudi Mzee Mgonela alishika ukingo wa mkokoteni kwa mikono miwili. Alipofika kwake akamtafuta Ndahani kwa kupapasa, akampata begani. "Umejitahidi, mwanangu," akasema. "Najua korongo lile lilivyo na shida."

Ndahani akamgeuza Punda, akaondoka. Walipofika katikati ya mchanga, Punda akasimama.

"Bwana, yule mzee amekushukuru."

"Nimesikia."

"Amekushukuru kwa nini?"

Ndahani akachukua fimbo akampiga Punda. Hakuwa amewahi kumpiga kabla ya siku ile. Punda akaendelea kutembea, na Ndahani akatembea nyuma yake. Usiku ule akajiambia hatasema tena lile neno. Lakini ulimi umeshazoea, wanangu. Haikupita wiki akalisema tena.

Weka ukuni mwingine hapo. Sasa msinikatize.

Masika yakaingia. Mke wa Ndahani, Nyemo, alikuwa amekwenda kwa mama yake ng'ambo pamoja na binti yao mdogo, Mwaja. Mawingu yakawa mazito upande wa milimani. Nyemo akapiga simu asubuhi: "Baba Mwaja, njoo utuchukue kabla korongo halijajaa." Ndahani akasema, "Nimeshatoka." Hakuwa ametoka. Alikuwa anakwenda barazani kwa fundi baiskeli kucheza bao. Alijiambia atacheza kidogo tu.

Akacheza akafungwa, akataka kulipiza. Punda alikuwa pembeni, hajafungwa hata kamba ya mkokoteni. Simu ikaita tena, na safari hii sauti ya Nyemo ilikuwa nyingine.

"Mwaja anachemka. Amepata degedege, macho yaligeuka yote meupe. Sasa ametulia lakini hanijibu. Baba Mwaja, mwalimu Yunisi yuko hapa na pikipiki, anakwenda mjini, atapita zahanati. Ameshawasha, anaogopa barabara itateleza. Nilitaka nipande naye ila mvua imeanza, mtoto atalowa. Wewe una turubai. Uko wapi?"

"Niko korongoni, navuka."

Maneno yalitoka yenyewe, kabla hajafikiri.

"Ah, basi uko karibu. Nakungoja." Kisha akamsikia anaongea na mtu pembeni, sauti iko mbali na simu: "Mwalimu, nenda tu usichelewe. Baba yake yuko hapo korongoni."

Wenzake barazani walikuwa wameinua macho kutoka kwenye bao. Wanamtazama. Ndahani akamtazama Punda, akangoja aulize. Punda hakuuliza kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatafuna nyasi. Kwenye simu pikipiki ilisikika ikiongezwa moto.

"Nyemo," Ndahani akasema. "Nyemo, mshike mwalimu. Siko korongoni."

"Unasemaje?"

"Niko kwa fundi baiskeli. Nacheza bao. Punda hajafungwa hata kamba. Asubuhi nilivyosema nimetoka, sikuwa nimetoka. Mshike mwalimu, panda naye."

Kisha simu ikakatika.

Akapiga, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Fundi baiskeli akaanza kukusanya kete taratibu. Ndahani akakimbia. Akamfunga Punda mkokoteni, kamba zinamponyoka vidoleni, wakaenda mbio mpaka ukingoni mwa korongo. Kabla ya kuliona alilisikia.

Maji yalikuwa yamejaa, mekundu, yamebeba miti mizima. Hata angetaka kufa asingevuka.

"Bibi, mtoto alipanda pikipiki?"

"Ndahani hakujua."

"Alikufa?"

"Hakujua, mjukuu wangu. Ndiyo hali aliyokuwa nayo. Alisimama pale mvua inampiga, simu ameifunika kwa kiganja, na hajui. Mtu wa kumuuliza alikuwa ng'ambo, na maji yalipiga kelele kuliko sauti yake. Akamkumbuka Sechelela amesimama juani bila kitenge. Akamkumbuka Mzee Mgonela na shati lake. Wote hao walimngoja yeye, na yeye hakujua kungoja kunavyouma."

Punda akasogea, akasimama upande ule mvua inakotoka, akamkinga.

"Hata nisipokuuliza sasa," akasema, "unaona korongo liko wapi."

"Naliona," akasema Ndahani.

Mvua ikapungua, maji hayakupungua. Mchana ulikuwa unaelekea jioni simu ilipoita.

"Uko wapi?" Nyemo akauliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Niko ukingoni mwa korongo. Maji yamejaa. Siwezi kuvuka, na sijui nitavuka lini."

"Mwalimu alikuwa ameshafika getini. Nilimkimbilia nikamdaka begi la mgongoni. Mtoto amechomwa sindano. Mganga wa zahanati anasema tungechelewa kidogo tu angekuwa anasema mengine. Amefumbua macho, ameomba maji."

Ndahani akachuchumaa kwenye matope.

"Usije upesi," Nyemo akasema. "Sitaki kukuona bado. Ila uliponiambia huko barazani, mbele za watu, nimekusikia."

Nyemo alirudi nyumbani, lakini si mapema. Na Ndahani hakupata sifa kwa kusema kweli. Watu wakimuuliza uko wapi, akawa anasema, "Sijatoka bado, kama una haraka tafuta mwingine," na wengi walitafuta mwingine kweli. Barazani walimcheka. Alivumilia.

Jambo lililomtesa zaidi lilikuwa Mzee Mgonela. Aliahirisha, akaahirisha, hatimaye akaenda, akakaa chini mbele ya kigoda chake.

"Mzee, siku ile ya madaktari sikuwa korongoni. Nilikuwa nabeba matofali."

Mzee Mgonela akauelekeza uso kule barabara iliko.

"Kumbe siku ile ningepanda trekta," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Ondoka kwanza, Ndahani. Uje siku nyingine. Leo siwezi kuongea na wewe."

Ndahani akaondoka. Siku nyingine akaja, na siku nyingine tena, na kila alipofika alikaa chini vilevile, mpaka mzee akaanza kumwitikia salamu.

Basi, wajukuu zangu, nanyi mna simu, na msio nazo mtapewa. Mtu akikuuliza uko wapi, mwambie ulipo. Akasirike, akuone mvivu, atafute mwingine. Ukimwambia upo mahali usipokuwepo, anaacha msaada aliokuwa nao mkononi, anakaa kukungoja wewe. Uongo wa namna hiyo unauona mdogo kwa sababu anayekaa juani si wewe.

Ngano yangu imefika mwisho, nami naiweka chini hapa hapa. Funikeni moto, mkalale.