Siku Sultani Alipokufa Nusu Mlingoti

Hapo zamani, zama vyeo vikigawanywa kama pilau ya harusi na wasomi wakiambiwa wasubiri ukoko, palikuwa na Sultani Hilali wa kisiwa cha Mwanakaya, naye alikuwa na merikebu moja isiyosafiri. Ingesafirije, na Sultani alishikwa na kichefuchefu hata akinawa miguu katika beseni? Basi ikawa imefungwa gatini mwaka wa kumi na tisa huo, chaza wameifanya mji wao. Lakini desturi za bahari zilishikwa humo kuliko sala. Kengele ilipigwa, nahodha alitia darubini jichoni akaliona ghala la chumvi lile lile la jana, na bendera nyekundu ikapandishwa mlingotini kila asubuhi.

Mpandisha bendera aliitwa Shaibu bin Tego. Huyu alikuwa na vyeti vya elimu saba, na kanzu moja. Siku ya intavyuu aliulizwa kama ana uzoefu wa miaka mitano wa kupandisha bendera. Akajibu kwamba amepandisha maombi ya kazi miaka tisa, na hakuna hata moja lililopepea. Wakampa kamba, si kwa kumpenda, bali kwa kuwa aliyemtangulia alianguka akafa, na hapakuwa na shemeji wa mtu aliyeitamani nafasi ile. Waziri Mngumi, yeye uzoefu hakuulizwa. Konekshen yake ilikuwa dada yake, mke wa tatu wa Sultani.

Basi ikaja habari kwamba balozi wa nchi ya ng'ambo atawasili kesho. Sultani akaagiza Shaibu aletwe.

"Labeka, Seyyid yangu."

"Kesho balozi akikanyaga sitaha, nataka bendera yangu ipepee, ikunjuke yote mpaka pindo. Isipopepea, adhuhuri haitakikuta kichwa chako juu ya shingo."

Shaibu akaeleza kwa adabu kwamba huu ni mwezi wa shwari, hata moshi wa ubani unasimama wima kama askari. Labda bendera ishonewe fito za mianzi. Sultani akasema bendera ya fito ni mkeka. Waziri akaongeza kuwa wasomi hawakosi sababu, wakosacho ni kazi.

"Sikukuomba maelezo," akasema Sultani. "Nimekuomba upepo."

Sasa, merikebuni mle palikuwa na kitabu, Kanuni ya Bendera, alichokiandika babu yake Sultani. Kila ofisa alikiapia na hakuna aliyekisoma. Shaibu alikisoma chote, jalada kwa jalada, kwani mtu akipandisha kitambaa alfajiri na kukishusha magharibi, hapo katikati ana wasaa wa kusoma hata maandishi ya magunia.

Kesho yake watu wakajipanga sitahani, balozi akapanda ngazi, na bendera ikaning'inia kama shuka la mgonjwa. Sultani akamkazia Shaibu macho. Mwenye panga akajaribu makali kwa ukucha. Shaibu akaishika kamba, akaishusha bendera taratibu mpaka katikati ya mlingoti, akapiga fundo, akaketi chini akakunja miguu.

Nahodha akavua kilemba. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema, maana hakuna baharia asiyejua kuwa bendera ikisimama nusu mlingoti, mwenye chombo amekufa. Mabaharia wakainamisha vichwa. Mpishi akazima moto. Balozi, ambaye kwao desturi ni hiyo hiyo, akavua kofia, akamshika Sultani mkono, akampa pole kwa kufiwa na Sultani.

"Mkate kichwa huyo," akasema Sultani.

Mwenye panga akamtazama nahodha. Shaibu akamnong'oneza nahodha ukurasa, naye akafungua Kanuni akasoma kwa kukwama kwama: bendera ikiwa nusu mlingoti, Sultani ni marehemu, na amri yake haina nguvu hata bendera ipande, na asiye mpandisha bendera akiigusa kamba, mkono wake ukatwe.

"Mimi si huyu hapa nasema nawe?"

"Seyyid, Mungu akurehemu," akajibu mwenye panga, machozi yakimlengalenga. "Hayati alikuwa mkali sana kwa mambo ya kanuni."

Sultani akairukia kamba mwenyewe. Panga likainuliwa kwa heshima zote, naye akaurudisha mkono kifuani.

Ikawa msiba umeshika kasi. Akaja mpima sanda, akamtaka marehemu asitikisike. Mke wa tatu akatuma mtu kuuliza kama eda inaanza leo au kesho, maana ana harusi ya kuhudhuria. Nahodha akaombwa aseme wema wa hayati, akasema alikuwa mtu mpole, hasa akilala. Waziri Mngumi hakulia hata tone; alikuwa na seremala, wakishauriana kiti cha enzi kikatwe miguu kiasi gani, kwa kuwa yeye ni mfupi.

Sultani akayasikia yote. Akamwendea Shaibu chini ya mlingoti, akachutama mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Pandisha bendera."

"Nani anaamuru?"

Seremala akaanza kukereza miguu ya kiti kwa msumeno. Sultani akageuka akatazama.

"Hakuna anayeamuru," akasema. "Marehemu anaomba."

"Na kichwa changu?"

"Ni chako."

"Na upepo?"

"Ni wa Mwenyezi Mungu."

Shaibu akataka hayo yaandikwe ndani ya Kanuni, balozi akiwa shahidi. Yakaandikwa. Ndipo akaifungua kamba, bendera ikapanda hadi kileleni, ikalala pale kimya bila kutikisa uzi, wala hapana aliyejali, kwa vigelegele vya watu kuona maiti amefufuka. Sultani akaanza kucheka, akacheka hata akamkumbatia mpima sanda. Siku hiyo hiyo akampa Shaibu uwaziri, na Mngumi akakabidhiwa vile vipande vya miguu ya kiti, akae navyo.

Balozi aliporudi kwao alimwandikia mfalme wake kwamba amehudhuria msiba wa Sultani wa Mwanakaya, na kwamba marehemu mwenyewe alimsindikiza hadi ngazini akamfungia halwa.

Mzigo wangu wa maneno nimeutua hapa. Anayeuona mwepesi na autie kichwani aende nao.