Kumi na Mbili za Nini?

Sisi akina Loewen hatukosei hesabu. Mgeni yeyote akifika kijijini kwetu huambiwa hivyo kabla hajapakuliwa soseji, na anayemwambia huwa ni mmoja wetu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, yaani asiyejua hapungukiwi kitu akiuliza, bali hupungukiwa akinyamaza. Sisi tulidhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya majirani.

Mwaka ule theluji ya jimbo letu la Manitoba iliyeyuka kwa pupa, na Mto Red ukafura kama andazi. Redio ikatangaza kuwa maji yangetufikia alfajiri. Oma, bibi yetu, alikataa katakata kuihama nyumba alimozalia watoto wake wote.

"Nikitoka hapa sirudi," alisema. "Mtanipeleka kwenye nyumba ya wazee, nikanywe supu isiyo na chumvi."

Basi ikabidi nyumba izungushiwe tuta la udongo wa mfinyanzi siku hiyo hiyo. Kornelius, mjukuu wake mkubwa aliyekuwa akisomea uhandisi, ndiye aliyepima, nami binamu yake nikamshikia ncha ya kamba. Tuta lilihitaji mita za ujazo mia sita. Malori ya Tina Dyck, aliyekuja kutubebea udongo, yalikuwa yameandikwa 12 ubavuni. Mia sita gawanya kwa kumi na mbili, jibu hamsini.

"Safari hamsini, zisizidi," Korni alimwambia Tina.

"Una hakika?"

"Dada Tina, wewe endesha lori. Hesabu niachie mimi."

"Haya, profesa. Saa nane naondoka kwenda kwa akina Penner. Nao wana nyumba."

Kufikia adhuhuri nusu ya safari zilikuwa zimekwisha, lakini tuta lilikuwa ndiyo kwanza linapita dirisha la jikoni, kama robo tu ya mzunguko. Korni alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Redio ya mkononi ya kuongea na madereva aliiinua, akaishusha, akaiinua tena. Nusu ya kijiji ilikuwa ikisikiliza mawimbi yale. Swali moja tu la kijinga, na jina la utani lingemfuata mpaka kaburini. Kupitia dirishani alimwona Oma akikanda unga wa keki, ametulia tuli kama mtu aliyekwisha kuokolewa. Korni akabonyeza.

"Dada Tina... hiyo kumi na mbili kwenye lori lako, ni kumi na mbili za nini?"

 Madereva wote wakacheka kwa pamoja.

"Yadi, mpenzi! Ulidhani nini, vikombe vya chai?"

"Mita."

"Yesu wangu! Yadi ya ujazo ni pungufu ya mita kwa karibu robo nzima. Sanduku la lori langu halifikishi hata mita kumi. Na udongo ukichimbwa huumuka kama mkate, ukishindiliwa hunywea. Hilo ulilipigia hesabu?"

"Hapana."

"Basi unataka karibu mara mbili. Bahati yako umeuliza saa hizi. Usiku barabara itakuwa imemezwa na maji. Ngoja niongee na Penner."

Penner, aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo, alidakia mwenyewe: tuta lake la mafuriko yaliyopita lilikuwa bado imara, yeye angeweza kungoja, tena angeleta na malori yake mawili. Jua lilipokuwa likizama, tingatinga lilishindilia mzigo wa mwisho. Alfajiri maji yalifika, yakalilamba tuta, yakatafuta mlango, yakakosa. Nyumba ikabaki katikati kama kiini cha yai. Korni aliketi kwenye ngazi, akashusha pumzi ndefu kama aliyetua gunia la viazi, akaanza kucheka peke yake huku machozi yakimtoka.

Tulikula keki pamoja na madereva waliolala kwetu, kila mmoja akijisifia alichokifanya. Nami nikajipakulia kipande cha pili.

"Mimi ndiye niliyemwambia aulize," nikasema. "Zile yadi nilizishuku tangu asubuhi."

Oma akaweka kisu mezani.

"Wewe? Si nilikuwa hapo dirishani! Korni alitaka kumuuliza Tina mapema, wewe ukamvuta shati: 'Usituaibishe, bwana, kumi na mbili ni kumi na mbili tu.'"

Meza nzima ikaangua kicheko. Nikamtazama Korni aninusuru. Kumbe naye ameshikilia mbavu.

"Kula keki yako, mjukuu wangu," Oma akasema, "na ushike hili: kuuliza si ujinga."