Mlango Uliofanana na Jabali

"Palipo sawasawa pana mkono wa mtu." Ndivyo fundi Mwamburi alivyosema leo mchana, alipoutazama mti mliouchora kwenye ukuta wa chekechea, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Sasa mmenijia mkitaka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Haya, kaeni niwaeleze. Yalianza hivi.

Zamani, kabla barabara haijapanda milima yetu hii ya Taita, paliishi mwanamke mfinyanzi kwenye kilima kilichoitwa Ngolonyi. Jina lake Mghoi, mke wa Mwakio. Vyungu vyake vilijulikana hadi ng'ambo ya mabonde, kwa sababu ya nakshi aliyoizungusha shingoni mwa kila chungu. Alikuwa akichora mistari kwa kijiti, mstari baada ya mstari, na ulipofika pale ulipoanzia ulikutana na mwenzake kama watu waliopeana ahadi. Hakuwahi kukosea. Watu walikuwa wakisema Mghoi amezaliwa na kamba ya kupimia machoni.

Watu wa Ngolonyi walikuwa na shida moja kubwa. Kila mvua zilipokatika, wavamizi walipanda kutoka nyikani kutafuta mbuzi na ng'ombe, na wakimkuta mtu walimchukua pia. Kilimani kulikuwa na pango refu ndani ya genge, ule ukuta wa jabali uliosimama wima, pango linaloweza kumeza kijiji kizima pamoja na mifugo yake. Mbiu ikilia watu hukimbilia humo na kuziba mdomo wa pango kwa matawi. Lakini matawi hukauka, na tawi kavu katikati ya jabali humwita adui. Mwaka uliotangulia wavamizi waliyaona, wakayang'oa, wakaondoka na mifugo mingi pamoja na mdogo wake Mghoi, msichana aitwaye Wakesho. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia tena.

Wazee wakakutana. Aliyewaongoza alikuwa Mwanyumba, baba mkwe wake Mghoi, mtu mwenye mbuzi wengi na sauti nzito. Wakaamua kutengeneza mlango wa fito, ukandikwe udongo, kisha upakwe rangi ufanane na jabali lenyewe. Hakuna aliyeuliza kazi hiyo apewe nani.

Mghoi aliipokea kwa moyo wote. Alipokuwa akikanyaga udongo na samadi na majivu, alimkumbuka Wakesho, na akajiapia kwamba hakuna mtoto atakayetolewa tena ndani ya pango lile. Alikusanya masizi, udongo mwekundu wa ngeu na udongo mweupe. Wanaume walipousimamisha mlango, akaanza kuchora. Alichora nyufa. Alichora mabaka meupe ya kuvu, kama yale yaliyoko kwenye jabali. Akabandika vishungi vya nyasi kwenye udongo ukingali mbichi. Na kama alivyozoea, aligawa kila kitu kwa haki: baka hapa, ufa pale, kishungi cha nyasi, kisha baka tena, toka juu hadi chini na toka kushoto hadi kulia. Hapakuwa na sehemu iliyopunjwa.

Watu walipokuja kuangalia walipiga vigelegele. Mwanyumba mwenyewe alisimama mbele ya mlango, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwanangu," akasema, "hii ni kazi. Mimi nina pango langu dogo pale juu, ninamofichia mbuzi wangu. Nifanyie mlango kama huu, kama huu hasa, usipunguze kitu."

Mghoi akamfanyia. Milango yote miwili ikawa imekamilika, mmoja chini kwa ajili ya watu na mifugo ya kijiji, mwingine juu kidogo kwa ajili ya mbuzi wa Mwanyumba.

Mwakio, mumewe, ndiye aliyetoa wazo la kujaribu. "Sisi tunajua pango liko wapi," akasema. "Macho yetu hayana faida. Tumwite mtu asiyejua."

Wakamwita Mwadime, mjomba wake Mghoi, aliyeishi mlima mwingine na hakuwahi kufika upande ule wa genge. Walimsimamisha ng'ambo ya bonde na kumwambia atafute. Mwadime hakutafuta. Alinyoosha kidole mara moja. "Pale," akasema. Kisha akakipandisha kidogo. "Na pale."

Mghoi akamsogelea. "Umejuaje, mjomba?"

"Sijui, mama. Jicho langu limekwenda lenyewe. Ni kama nguo iliyoanikwa."

"Rangi si yenyewe?"

"Rangi ni yenyewe kabisa. Nyasi ni zenyewe. Lakini pale pananiita, na pengine pote hapaniiti. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Usiku ule Mghoi hakupata usingizi, na alfajiri alivuka bonde peke yake. Alikaa juu ya jiwe akalitazama genge. Mwanzoni aliona milango yake tu, nayo ilimwaibisha. Akajilazimisha kuiacha na kutazama jabali lenyewe, jabali ambalo alizaliwa akaliona, akalizoea, na ambalo hakuwahi kulitazama hata siku moja.

Jua lilipochomoza aligundua jambo la kwanza: sehemu kubwa ya jabali haikuwa na kitu. Ilikuwa kijivu, wazi, mtu aweza kupitisha macho yake pale kama mkono juu ya ngozi ya ndama. Halafu, mahali maji yanapochuruzika wakati wa mvua, kila kitu kilikuwa kimejazana. Michirizi myeusi, kuvu juu ya kuvu, nyasi zilizoshikana kama watu kwenye ngoma. Chini ya ukingo uliojitokeza palikuwa na kiza kizito, nyufa zimebanana. Kisha wazi tena, kubwa, pasipo na hata doa. Na katikati ya wazi lile kishungi kimoja cha nyasi, pekee, kimejiotea bila kumwomba mtu ruhusa.

Mghoi akacheka kwa sauti, peke yake pale. Jabali lilikuwa na mahali pa kusema na mahali pa kunyamaza. Mlango wake ulikuwa ukisema kila mahali, kwa sauti ileile.

Aliporudi alichukua kigae cha chungu akaanza kukwangua. Alikwangua mabaka aliyoyachora kwa uangalifu, akang'oa nyasi, akafuta nyufa. Mkono wake uliuma, na si kwa kazi tu. Wanawake waliopita kwenda kisimani walisimama wakashika vichwa. "Mghoi, una nini? Unaharibu!"

"Naharibu, dada zangu. Niacheni niharibu vizuri."

Alipomaliza kukwangua, alitazama jabali lililouzunguka mlango. Upande wa kushoto kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua ulioshuka hadi kwenye ukingo wa fito. Akaufuata. Aliuendeleza juu ya mlango kwa masizi, akaujazia kuvu na nyasi mpaka hapakuwa na nafasi ya kutia kidole, kisha akaufifisha polepole kuelekea katikati. Upande mzima wa kulia aliupaka kijivu tu. Akarudi nyuma, akatazama, akaongeza ufa mmoja ulioanzia kwenye jabali la kweli na kufia mlangoni. Mkono wake ulitaka kuongeza wa pili. Akauweka mgongoni.

Mwanyumba alipouona mlango alikasirika.

"Upande mmoja umejaza, mwingine umeuacha mtupu. Umechoka?"

"Sijachoka, baba."

"Rangi imekwisha?"

"Rangi ipo."

"Basi kesho utamalizia. Hatuwezi kuweka watoto wetu nyuma ya kazi ya nusu."

Mghoi alipiga goti kwa heshima, lakini sauti yake haikuinama. "Baba, nimeshamaliza. Nikiongeza hata baka moja, nitakuwa nimefungua mlango. Na ukiniruhusu, leo hii nikukwangulie na wa kwako."

"Wa kwangu usiuguse!" Mwanyumba akasema. "Wageni wanausifu. Wa kwangu uache hivyohivyo."

Akaenda zake akinung'unika. Jioni Mwakio alimwuliza mkewe, "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Baba anasema atakuitia wazee."

"Awaite. Nitawapeleka ng'ambo ya bonde nao wajionee."

Wazee hawakuwahi kuitwa. Asubuhi iliyofuata mbiu ililia kutoka kwenye mlima wa jirani: wavamizi wako njiani. Watu waliacha uji motoni. Wakakimbiza mifugo pangoni, wakabeba wagonjwa, wakahesabiana kwa majina. Mwanyumba aliwafungia mbuzi wake katika pango lake dogo, kisha akashuka na kuingia pamoja na wenzake. Mwakio na vijana wengine wakauvuta mlango hadi ukakaa. Mghoi alikuwa wa mwisho kuingia. Alisimama sikio likiwa karibu kugusa udongo wa ndani.

Kwanza kulikuwa kimya, watoto wakinyonyeshwa ili wasilie. Kisha zikasikika nyayo. Watu wengi, wakipita polepole, wakizungumza lugha ya nyikani. Mkuki uligonga jabali, ko, ko, hatua chache upande wa kulia. Ukagonga tena, karibu zaidi. Mghoi alifumba macho. Mtu mmoja alijitenga na wenzake akaja kusimama mbele ya mlango kabisa, akahema, na Mghoi akangoja fito zivunjike. Badala yake akasikia maji. Yule bwana alikuwa akikojolea mlango, bila haraka, akiimba puani. Mkojo ulichuruzika juu ya michirizi ya masizi, na Mghoi akaanza kuomba kimoyomoyo kwamba udongo wake ushike. Ukashika. Mtu yule akamaliza, akaenda zake.

Mara kelele zikapaa kutoka juu. Vicheko. Fito zikapasuliwa kwa shoka, na mbuzi wakaanza kulia.

Katika kiza cha pango kila mtu alijua ni mbuzi wa nani. Mghoi aligeuka na, kwa mwanga hafifu uliopenya kando ya mlango, akamwona baba mkwe wake. Mzee alikuwa ameketi kwenye jiwe, viganja viwili vimefunika mdomo wake. Mbuzi mmoja, beberu aliyemlea kwa mikono yake, alikuwa akilia kwa sauti aliyoijua. Angeweza kupiga ukelele. Angeweza kutoka. Hakutoka. Aliwatazama watoto waliojazana miguuni pake na akazidi kuubana mdomo, mpaka sauti za mbuzi zikateremka mlimani na kupotea.

Walikaa ndani hadi mchana. Walipotoka hapakuwa na aliyepotea, hata mtoto, hata ndama wa kijiji. Wanawake walimkumbatia Mghoi, wengine wakilia. Yeye hakulia mpaka alipomwona binti mdogo, wa umri aliokuwa nao Wakesho alipokuwa bado akibebwa mgongoni, akirukaruka juani. Hapo ndipo alipolia.

Mwanyumba hakupanda kwenye pango lake. Aliteremka bondeni, akavuka, akasimama ng'ambo, na watu wakamfuata kwa kumhurumia. Kutoka pale akalitazama genge kwa muda mrefu. Nusu ya mlango wake ilikuwa bado inaning'inia, na hata kutoka mbali mabaka yake yalionekana yamepangwa kama punje kwenye muhindi. Akautafuta mlango wa chini. Akautafuta tena.

"Mghoi," akaita. "Uko wapi mlango wako?"

"Uko pale, baba, chini ya mfereji wa maji."

"Siuoni."

"Ndivyo nilivyotaka."

Mzee akawageukia waliomfuata. Kisha akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ileile nzito aliyomkaripia nayo, "Mungu hakugawa nyasi kwa zamu. Mimi nilitaka zigawanywe. Nimeona sasa, na nimeona kwa mbuzi wangu. Palipo sawasawa pana mkono wa mtu."

Mghoi alimshika mkono, wakajikongoja kurudi kilimani. Njiani mzee akamwomba amtengenezee mlango mwingine. "Na safari hii," akasema, "upande utakaouacha mtupu sitauuliza." Walicheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka.

Msidhani tangu siku ile Mghoi aliacha kupima. Vyungu vyake viliendelea kuwa na mistari iliyolingana, hata mipya zaidi na mizuri zaidi. Mtu mmoja alimwuliza mbona hajabadilika, naye akajibu kwamba chungu ni kazi ya mtu, na hakioni haya kujulikana hivyo. Lakini anayetaka kuchora jabali, au mti, au mto, sharti ajue kunyamaza.

Maneno ya Mwanyumba yalibaki. Miaka mingi baadaye, mzee huyo alipokuwa mkongwe, ndugu watatu waliletwa mbele yake kutoa ushahidi juu ya mpaka wa shamba. Wa kwanza akasimulia alivyoona. Wa pili akasimulia, neno kwa neno. Wa tatu alipoanza, akapumua mahali walipopumua wenzake na kukohoa mahali walipokohoa. Mwanyumba alimsikiliza hadi mwisho, akachukua fimbo yake akasimama kwenda zake nyumbani, na hukumu aliyoiacha nyuma ilikuwa hiyo moja tu, ambayo watu wote waliokaa pale waliielewa na hata wale ndugu watatu wakainamisha vichwa: palipo sawasawa pana mkono wa mtu.