Kamba ya Siwatu

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na shule yao, pelele mmoja mdogo, jamii ya pimbi, aitwaye Siwatu alifika asubuhi akakuta jembe la kukokotwa limesimama katikati ya uwanja. Mwalimu Mkuu, Nyati, alikuwa anajifunga nira tayari kulima.

"Shikamoo, Mwalimu. Sasa tutachezea wapi?"

"Marahaba. Hamtacheza tena. Muhula mzima mnaruka kamba, hamjifunzi kitu. Hapa ni shamba la maharage."

Watoto wakaduwaa. Digidigi wa darasa la kwanza akaanza kulia. Mama Kifaru, mwenyekiti wa kamati ya shule, alisimama pembeni.

Siwatu akainamisha kichwa. "Kweli, Mwalimu, ni mchezo wa kijinga. Ila Mama Mwenyekiti hajauona. Ungeruka kidogo tu, auone ujinga wenyewe."

Nyati alipenda kutazamwa. Akavua miwani, akaingia. Watoto wawili wakazungusha kamba, fyu, fyu, wengine wakaimba: "Pangani, Wami, Rufiji, Ruvuma." Kila mto, mruko mmoja. Wimbo ulipomalizika mara ya tano, kamba ikamnasa kwato.

Puu.

Nyati alilala chali, macho yamemtoka. Watoto walidhani amekufa.

"Mwalimu," Siwatu akauliza kwa upole, "umeruka mara ngapi?"

Nyati akahema tu. Digidigi akafuta machozi. "Mito minne, mara tano. Ishirini."

Nyati akainua kichwa. "Darasa la kwanza sijawafundisha kuzidisha."

"Na mbona Mwalimu anahema hivyo?" Siwatu akaendelea.

"Misuli yake inataka hewa," Digidigi akajibu. "Moyo unakimbiza damu iipeleke. Sisi wote huwa hivyo tukiruka sana."

"Nani kakufundisha?" Nyati akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Tunaruka tu."

Mama Kifaru alikuwa amepigwa na butwaa. "Hesabu, sayansi, na mito ya nchi," akasema polepole. "Mwalimu, wewe uliniambia hawajifunzi kitu."

Nyati akamgeukia Siwatu. "Umeniingiza kwenye kamba makusudi."

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe. Kwa maneno usingenisikiliza."

Nyati akajikung'uta vumbi, akalikokota jembe hadi nyuma ya jiko la shule, na maharage yakapandwa huko.

Basi wanangu, mkimwona mtoto anacheza, msiseme hajifunzi.